Likizo kwa Nani?

Kiangazi cha mwaka 2013 nilimpigia simu mama yangu kumweleza kwamba nimepata wiki mbili za likizo na kwamba nitazimalizia katika bonde moja la milima ya Alpi. Hakuniuliza gharama wala umbali. Aliniuliza, “Unakwenda likizo kwa nani?” Nilimjibu kwamba siendi kwa mtu, nimekodi nyumba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Haya, mwanangu, lakini uwasalimie hao wenye nyumba.”

Swali lake lilikuwa na haki yake. Kwetu Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mtu akisema anakwenda likizo haulizwi anakwenda wapi, kwa sababu likizo ni kurudi. Mwezi Desemba mabasi yanayotoka Dar es Salaam yanajaa, nauli inapanda, na vihamba, mashamba ya ukoo yenye nyumba na migomba, vilivyokuwa kimya tangu Januari vinaanza kufuka moshi wa majiko na kusikika sauti za watoto wanaotafuta maneno ya Kichagga ya kumwamkia bibi yao. Unakwenda kwa mama, kwa baba mdogo, kwenye makaburi ya mababu yaliyo nyuma ya migomba. Kwenda mahali ambapo huna mtu, ukalala kwenye kitanda cha usiyemjua na kumlipa, kisha ukaiita hali hiyo likizo, ni jambo ambalo mama alilisikia kama habari ya upweke, na kwa kweli hakukosea sana.

Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Bern. Waajiri wengi wa Uswisi huwauzia wafanyakazi wao kwa punguzo fedha za Reka, mfuko wa likizo ulioanzishwa mwaka 1939 ili hata watu wa kipato kidogo waweze kusafiri na familia zao, na kwa miaka miwili nilikuwa nimezilimbikiza fedha hizo bila kujua nizifanyie nini. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyenishauri niende Lötschental, bonde lililo katika kantoni ya Valais, nyuma ya ukuta wa milima tunaouona kutoka Bern siku ambazo hakuna mawingu. Nimekuwa nikirudi huko karibu kila mwaka tangu wakati huo. Jibu nililompa mama siku ile lilikuwa fupi mno, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyopaswa kumweleza.

Treni ya kwenda huko hupita Thun, Spiez na Frutigen, ikakwea kwa mizunguko mpaka Kandersteg, kisha ikaingia katika handaki la Lötschberg lenye urefu wa kilomita 14.6 na kutokea upande wa pili, Goppenstein, mahali pembamba penye kituo, barabara na mto unaonguruma chini. Tangu mwaka 2007 kuna handaki jingine refu zaidi, la kilomita 34.6, lililochimbwa chini kabisa ya mlima kwa ajili ya treni za kasi, lakini treni hizo hazisimami Goppenstein. Anayekwenda bondeni bado hutumia njia ya zamani iliyofunguliwa mwaka 1913. Kabla ya hapo mtu wa Lötschental aliyetaka kutoka alikuwa na njia chache, na zote za miguu: kushuka korongo la mto Lonza mpaka Gampel, jambo la hatari kila theluji ilipokuwa inaporomoka, au kuvuka mlima kwa Lötschenpass, kwenye kimo cha mita 2,690, kuingia upande wa Bern. Njia hiyo ya juu ni ya kale mno, kwani barafu yake imewahi kutoa pinde za wawindaji wa Zama za Shaba.

Lango hilo la wageni lilifunguliwa kwa gharama kubwa. Mwezi Julai mwaka 1908 wachimbaji wa handaki walikuwa wamefika chini ya bonde la Gastern, wakiamini kwamba juu yao kuna mwamba mtupu, kumbe walikuwa wanakaribia tabaka nene la mchanga na changarawe lililojaa maji ya mto Kander. Baruti ilipolipuka tope lilimiminika ndani na kuwafukia watu 25, wengi wao vibarua kutoka Italia. Wahandisi walijenga ukuta wa kuziba sehemu hiyo na kulipindisha handaki ili lipazunguke mahali pale. Kila nipitapo humo huwakumbuka watu hao, kwa sababu na wao walikuwa wageni waliokuja kufanya kazi mbali na kwao, na hawakuwahi kulifaidi bonde lililo upande wa pili kwa likizo hata ya siku moja.

Kutoka Goppenstein basi la njano la posta hupanda korongo kwa dakika chache, halafu ghafla bonde hufunguka. Vijiji ni vinne, vimepangana kufuata mto Lonza kutoka chini kwenda juu: Ferden, Kippel, Wiler na Blatten, cha kwanza kikiwa kwenye kimo cha karibu mita 1,400 na cha mwisho mita 1,540. Wakazi wa kudumu wa bonde lote ni kama 1,500, yaani hawajazi hata shule mbili kubwa za sekondari za Moshi. Kusini umesimama Bietschhorn, mlima wenye kilele chembamba cha mita 3,934, na mwisho kabisa wa bonde, kule Lonza inakozaliwa, kuna mto wa barafu unaoitwa Langgletscher. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unakuta vilele vimevaa theluji mpya huku bustani za viazi za kijijini zikiwa za kijani kibichi, na mtu aliyelelewa akiutazama Kibo juu ya migomba hahitaji kuelezwa raha ya kuona vitu viwili hivyo kwa pamoja.

Nyumba za zamani zimejengwa kwa magogo ya mti wa lachi, ambao jua huugeuza rangi pole pole mpaka ukawa mweusi kama sufuria ya kuni. Zimesogeleana sana, na sababu nimeelezwa kuwa ni kuokoa ardhi, kwa maana kila hatua ya tambarare ilikuwa shamba la nafaka ya rai, la viazi au la majani ya ng'ombe. Ghala za nafaka zimeinuliwa juu ya miguu ya mbao, na juu ya kila mguu limelazwa jiwe bapa la mviringo ili panya akipanda akwame. Sogeano hilo lina hatari yake: mwaka 1900 kijiji cha Wiler kiliteketea kwa moto, na ndiyo maana nyumba zake nyingi ni changa kuliko za majirani. Jambo lililonishangaza zaidi ni urithi. Katika Valais mali iligawanywa kwa watoto wote, wa kiume na wa kike, kwa mafungu sawa, kiasi kwamba hata nyumba moja iligawanywa kwa ghorofa: dada huyu chini, kaka huyu juu, binamu kwenye dari. Mama yangu, ambaye kwa kuwa ni mwanamke hakurithi hata mgomba mmoja kwa baba yake, alitaka nimsimulie habari hiyo mara mbili.

Niliyekodi kwake alikuwa mjane wa Kippel aliyekwisha kupita miaka sabini. Alinikabidhi ufunguo na karatasi ya masharti: taka ziwekwe wapi, viatu vya kupandia mlima viachwe wapi, saa ngapi kelele zikome. Kijerumani cha Bern nilichokizoea hakikunisaidia sana, kwa maana lugha ya bonde lile ni ya kale na hata Waswisi wengine huisikiliza kwa kukunja uso. Nikakumbuka agizo la mama, nikasema kwa Kijerumani cha shuleni kwamba mama yangu yuko Afrika, kwenye mlima, na anawasalimu wenye nyumba. Yule bibi alinitazama kana kwamba nimempa kitu mkononi. Akauliza mama anaitwa nani, ana umri gani, ana ng'ombe wangapi. Ng'ombe walikuwa wawili. Kesho yake asubuhi nilikuta kwenye ngazi nusu ya mkate wa rai na kipande cha jibini vimefungwa kwa kitambaa.

Mengi ninayoyajua kuhusu bonde niliyapata kwake, na mengine katika jumba la makumbusho lililopo pale Kippel, ambalo nalipendekeza kwa kila mtu, hasa siku ya mvua. Huko nilionyeshwa vijiti vya mbao vilivyochongwa alama, kila alama ikiwa ya ukoo fulani, ambavyo kwa Kijerumani huitwa Tesseln. Vilitumika kama daftari kabla watu wengi hawajajua kusoma: kijiti hiki kinaonyesha nani ana saa ngapi za maji ya mfereji, kile kinaonyesha nani ana haki ya kupeleka ng'ombe wangapi kwenye malisho ya juu ya pamoja wakati wa kiangazi. Niliposimama mbele ya vijiti hivyo niliwaona wazee wa Kilema wakigawana zamu za maji ya mfongo, mfereji wetu wa Kichagga, nani afungue asubuhi na nani afungue jioni, na jinsi mtu aliyeiba zamu ya mwenzake alivyokuwa haongei na watu kwa aibu.

Kanuni ya malisho ndiyo iliyonikaa akilini. Katika kijiji cha Törbel, kilichoko bonde jingine la Valais, kuna sheria ya mwaka 1517 inayosema kwamba hakuna mwanakijiji anayeruhusiwa kupeleka kwenye malisho ya pamoja ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Elinor Ostrom, msomi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliitumia sheria hiyo kuonyesha kwamba wanakijiji wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa karne nyingi bila kuiharibu. Mimi si mchumi. Kwangu ilikuwa jibu la swali ambalo nilikuwa nimeanza kujiuliza kila nilipofunga mlango wa nyumba ile ya kukodi: kijiji kama hiki ni cha nani hasa? Sheria ile inalijibu kwa hesabu ya ng'ombe. Haki yako ya kiangazi inapimwa kwa mzigo uliobeba wakati wa baridi.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wageni huyachanganya, likizo na sikukuu, na bondeni niliona tofauti yake ikitembea barabarani. Likizo ni ya mtu mmoja. Anaiomba kazini, anapewa, anaondoka. Sikukuu huiombi kwa mtu, inakuja yenyewe na kuwakuta wote pamoja. Mwaka mmoja niliamua kupumzika wiki ya Desemba nikafika Kippel tarehe 8, nikakuta duka limefungwa, posta imefungwa, na watu wamevaa nguo za kanisani katikati ya juma. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Bern iliingia katika Matengenezo ya Kanisa mwaka 1528 na siku hiyo huko ni ya kazi kama nyingine, nami nilikuwa nimeishi mjini muda mrefu hata nikaisahau, mimi niliyebatizwa Kilema kwa mapadre. Niliona aibu ya kweli. Yule bibi alinipeleka kanisani, tukakaa upande wa wanawake wazee, na nyimbo ambazo sikuzijua maneno nilizifuata kwa sauti.

Sikukuu kubwa kuliko zote huko ni ile ya Mwili na Damu ya Kristo mwezi Mei au Juni, pamoja na Jumapili inayoifuata, ambayo wenyewe huiita Jumapili ya Baraka. Wanaume hutoa kabatini sare ambazo familia zimezitunza, koti jekundu, suruali nyeupe na kofia ndefu ya manyoya, wakatembea kwa gwaride mbele ya Ekaristi kama walinzi wa Mungu. Chanzo cha sare hizo ni huzuni: mabonde maskini ya Valais yaliwakodisha vijana wao kwa karne kadhaa kuwa askari wa wafalme wa kigeni, wa Ufaransa na wa Napoli, na waliobahatika kurudi walirudi na koti la mfalme. Nilipoelezwa hivyo sikuweza tena kuliangalia gwaride lile kama pambo la wapiga picha. Ni watu wanaomletea Mungu kile ambacho ufukara wao uliwaletea.

Wakati wa majira ya baridi, baada ya sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni tarehe 2 Februari hadi mkesha wa Jumatano ya Majivu, hutoka Tschäggättä. Hawa ni watu waliojifunika ngozi za mbuzi na kondoo, wamefunga kengele ya ng'ombe kiunoni, na usoni wamevaa kinyago kizito cha mbao ya msonobari wa mlimani chenye meno yaliyopinda na macho yasiyolingana. Zamani waliruhusiwa vijana wasiooa peke yao. Siku hizi na wengine huvaa. Huzunguka kijijini jioni, siku zote isipokuwa Jumapili, na wakikukamata wanakupaka theluji usoni na kukusugua nywele kwa glavu zilizolowa. Nilikwenda Februari mara moja tu. Nilikuwa natoka kumtupia bibi taka zake, nikasikia kengele nyuma ya ghala, nikajua nimechelewa. Sitasema kwamba nilifurahi wakati ule ule, kwa sababu niliogopa hasa, mapigo ya moyo yakanijaa masikioni, lakini yule kiumbe aliponiachia na kuondoka akipiga kengele, bibi alikuwa mlangoni anacheka mpaka anashika kizingiti, akaniambia kwamba sasa nimekuwa wa hapa kidogo, maana watalii wanaosimama na kamera hawasumbuliwi kwa nguvu hiyo.

Vinyago hivyo vimesafiri. Katika karne ya 20 wasafiri na wakusanyaji wa sanaa walianza kuvinunua, wachongaji wakaanza kuchonga vya kuuza, na leo unaweza kuvikuta katika jumba la makumbusho la Rietberg mjini Zürich, nyumba ambayo pia ina hazina kubwa ya vinyago vya Afrika. Nimewahi kukaa humo muda mrefu nikiwaza kwamba ugonjwa wao ni mmoja: kinyago cha Lötschental kilichotundikwa ukutani hakina kengele, hakina ngozi, hakina theluji, na zaidi ya yote hakina kijana ndani yake ambaye kila mtu kijijini anakisia ni mtoto wa nani.

Wageni hawakuja kuharibu, na sitaki kuandika kana kwamba nawalaumu, kwa kuwa na mimi ni mmoja wao. Gari la waya linalopanda kutoka Wiler hadi Lauchernalp lilizinduliwa mwaka 1972, na lile la juu zaidi, linalofika Hockenhorngrat kwenye mita 3,111, mwaka 2003. Bila ya hayo, vijana wengi wangekuwa wameshuka kwenda kufanya kazi viwandani Visp au maofisini Bern. Njia ya miguu inayoanzia Lauchernalp na kupita malisho ya Weritz na Telli mpaka Fafleralp ni mojawapo ya njia nzuri kuliko zote nilizowahi kutembea. Ukiianza asubuhi unakwenda na jua, upande wa kulia Bietschhorn haukuachi hata hatua moja, na chini kabisa unaviona vijiji vimejikunyata kando ya mto. Likizo yangu ni kazi ya mtu mwingine, hilo nalifahamu kuliko wengi, kwa kuwa wazee ninaowahudumia huniambia kwamba Krismasi yao ni kazi yangu.

Tatizo liko kwenye madirisha. Novemba, wakati hakuna majani ya kuangalia wala theluji ya kutelezea, ukitembea jioni katika vijiji vingi vya Alpi unakuta nyumba nzuri, imara, zilizopakwa mafuta, na hakuna taa. Tarehe 11 Machi 2012 Waswisi walipiga kura juu ya suala hilo, wakakubali kwa asilimia 50.6 kwamba nyumba za likizo zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila kata. Valais ilikataa kwa wingi mkubwa, kwa sababu ujenzi wa nyumba hizo ulikuwa mkate wa mafundi wake. Siku hiyo hiyo walipiga kura nyingine, kama kila mfanyakazi apewe wiki sita za likizo badala ya nne zilizo za lazima kisheria, na theluthi mbili ya wapiga kura wakasema hapana. Huwa nazitafakari kura hizo mbili kwa pamoja. Watu wale wale walikataa kujiongezea siku za kwenda milimani na wakaamua kulinda vijiji vya milimani dhidi ya nyumba zao wenyewe.

Nilimweleza mama habari ya nyumba zisizo na taa, nikitegemea atasikitika. Akanikumbusha jumba la ghorofa la jirani yetu, lenye vigae vyekundu na geti la chuma, ambalo watoto wake walioko Dar es Salaam hulifungua siku kumi kwa mwaka. “Tofauti yake,” alisema, “hawa wetu wana kaburi hapo.” Nilitaka kubishana naye nikashindwa.

Kisha ukaja Mei wa mwaka 2025. Juu ya Blatten, kijiji cha mwisho bondeni, kuna mlima uitwao Kleines Nesthorn, na chini yake ulikuwepo mto wa barafu wa Birch. Katikati ya mwezi huo mlima ulianza kumeguka, mawe yakaangukia barafu na kuilemea. Wataalamu walikuwa wakiufuatilia, na tarehe 19 wakazi wote, kama watu 300, waliamriwa kuondoka pamoja na mifugo yao. Ng'ombe mmoja aliyekuwa ameumia alibebwa kwa helikopta, na picha yake akining'inia angani ilizunguka dunia nzima. Tarehe 28 mchana barafu yote ilishindwa kuhimili mzigo. Mamilioni ya mita za ujazo za mawe, barafu na tope yalishuka kwa muda mfupi mno, yakafunika karibu asilimia 90 ya kijiji, yakapanda mpaka ng'ambo ya pili ya bonde na kuuziba mto Lonza, ambao ulijaa nyuma yake na kuzamisha sehemu kubwa ya nyumba zilizobaki. Mtu mmoja alipoteza maisha. Kanisa, makaburi, shule, na katika kitongoji cha Ried hoteli ya tangu karne ya 19 ambamo wapanda milima wa zamani walilala, vyote vilikwenda.

Nilikuwa zamu ya mchana. Mzee mmoja alikuwa ameomba televisheni, nikaiwasha, nikaona wingu la vumbi likijaza bonde ninalolijua, nikakaa kwenye kiti chake cha magurudumu kilichokuwa wazi. Kabla sijampigia bibi wa Kippel, simu yangu iliita. Ilikuwa ni mama. Redio ilikuwa imetaja Uswisi na mlima, na jina la kijiji hakulishika. Kuna Blatten nyingine juu ya Naters, na hata hapa Bern watu walizichanganya siku za mwanzo. Hakuniuliza barafu ilikuwaje. Aliniuliza, “Watu wetu wako salama?”

Walikuwa salama. Kippel haikuguswa, ingawa kwa siku kadhaa kila mtu aliogopa kwamba ziwa lililojitengeneza litavunja kizuizi na kushuka na kila kitu. Waliopoteza nyumba walipokewa na ndugu na majirani wa vijiji vya chini, na nyumba za likizo, zile zile nilizozilalamikia hapo juu kwa kukosa taa, zilipokea familia. Ni haki kulisema hilo. Mwenyekiti wa kata ya Blatten alitamka siku ile ile kwamba wamepoteza kijiji lakini si moyo, na mipango ya kujenga upya ilianza mapema sana, kwa lengo la watu kurudi kabla muongo huu wa miaka haujaisha. Nimesikia mjini wakiuliza kama inafaa kutumia fedha nyingi namna hiyo kwa watu 300 katika milima ambayo joto linaiyeyusha. Ninajua joto linafanya nini; barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na mama yangu ameiona sehemu ya upungufu huo kwa macho yake. Lakini wanaouliza hivyo wengi wao hulijua bonde kwa kiangazi tu. Watu wa Blatten wamelisha ng'ombe wao huko majira yote ya baridi, wakazika wazazi wao huko, na kwa kipimo cha ile sheria ya mwaka 1517 hakuna mwenye haki kuwazidi ya kuamua.

Safari hii niliomba likizo ya Novemba. Mkuu wangu wa kazi alishangaa, akaniuliza nitafanya nini mlimani mwezi huo, nikamwambia nakwenda kwa mtu. Jumamosi tarehe 1, sikukuu ya Watakatifu Wote, nilikwenda na bibi makaburini Kippel, nikimshika mkono kwa sababu njia ilikuwa na utelezi. Alisafisha kaburi la mumewe kwa brashi, akapanga maua, akawasha mshumaa mwekundu wenye kifuniko. Kwenye kikapu ulibaki mmoja. Dada yake aliolewa Blatten na alizikwa Blatten, na kaburi lake sasa liko chini ya mawe ambayo hakuna anayejua unene wake mahali pale. Sikumuuliza ule mshumaa wa nini.

Tulirudi nyumbani giza likiwa limeingia. Aliondoa chungu cha maua kwenye dirisha la jikoni, lile linaloangalia juu ya bonde, akasogeza pazia lisishike moto, akauweka mshumaa pale na kuuwasha. Kisha akaniomba nizime taa ya jikoni, nikazima, tukakaa.